Baba alikuwa Keya na alifika Burma: nianzie wapi kutafuta rekodi zake?

Mama_Donholm

Hamjambo nyote. Niko Nairobi, Donholm, muuguzi mstaafu, na nimekuja kwenu na jambo ambalo nimelibeba moyoni tangu tumzike mama.

Marehemu baba alikuwa Keya, kama tulivyowaita askari wa Mwingereza wa vita vya pili vya dunia. Kwao ni Mbooni, Machakos ya zamani. Aliandikishwa akiwa kijana ambaye hajaoa, akarudi 1946, akaoa, akatuzaa, akafariki 1987. Habari za vita hakupenda kuzisimulia. Tulichojua ni kwamba alifika Burma, kwamba huko kuna mto mkubwa unaoitwa Chindwin, na kwamba mvua ya kule ikianza haikupi nafasi ya kukauka. Ukimchokoza zaidi alikuwa anasema, "Hayo yaliisha," kisha anatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Sisi watoto tukajifunza kunyamaza. Sasa wajukuu wake wananiuliza mimi, na sina la kuwaambia.

Mama alipotutoka mwaka juzi tulifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya leso, tukakuta vitu vya baba.

Kuna medali: nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita, katikati ina taji na herufi. Utepe wake umepauka, lakini pale ulipokuwa umekunjwa rangi bado zimeshika: nyekundu pana katikati, buluu iliyoiva kila upande, na ndani ya kila buluu kuna mstari mwembamba wa rangi ya chungwa.

Kuna picha ya studio. Baba amesimama kando ya meza yenye chombo cha maua, kofia pana imekunjwa upande mmoja, kaptura imepigwa pasi hadi mkunjo unaonekana. Begani ana beji ya kitambaa yenye kichwa cha mnyama mwenye pembe. Wajukuu wanabishana kama ni nyati au kifaru. Nyuma ya picha kuna muhuri wa mpiga picha. Jina limefutika, lakini neno Colombo linasomeka vizuri.

Halafu kuna karatasi, na hiyo ndiyo inayoniumiza. Nadhani ni cheti cha kuachishwa jeshi, maana ina mwaka 1946 na alama ya dole gumba lake. Mchwa wameitafuna kuanzia kona ya juu wakishuka. Namba yake ya askari imebaki tarakimu tatu za mwisho. Jina la kikosi limeliwa lote.

Dada yangu mkubwa anasema baba aliendesha lori huko vitani, kwa sababu aliporudi alikuwa tayari dereva na aliajiriwa na Mhindi mmoja wa Machakos aliyekuwa na duka la mbao. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Nilienda ofisi moja ya serikali hapa mjini, nikaambiwa nilete kwanza namba kamili ya askari ndipo watazame. Sasa namba ndiyo ninayoitafuta, nitailetaje? Naomba mwenye kujua anielekeze: je, faili lake lipo mahali? Ni lazima niandike Uingereza? Na je, nitafute kwa jina gani, maana jina lililo kwenye kitambulisho chake ni la ubatizo, na alibatizwa katika kanisa la AIC baada ya kurudi?

Otis_Kaloleni

Pole sana Mama. Ninavyojua, rekodi za wanajeshi wa Uingereza hutolewa kwa jamaa wa marehemu. Unajaza fomu mtandaoni, unaambatisha cheti cha kifo, unangoja. Keya lilikuwa jeshi la Mwingereza, kwa hivyo anzia London. Huku kwetu utazungushwa tu.

Mwalimu_Buru

Mama, pole kwa kuondokewa na mzazi, na asante kwa kueleza vitu hivyo kwa makini. Umetupa mengi kuliko unavyodhani.

Ndugu Otis amesema kwa nia njema, lakini njia hiyo usianze nayo. Mafaili ya binafsi ambayo Uingereza inayo ni ya wanajeshi wa jeshi lake lenyewe, wakiwemo maofisa wazungu walioazimwa kwenda kuongoza KAR (King's African Rifles, jina lililozaa neno Keya). Tangu 2022 mafaili hayo yanahamishwa kidogo kidogo kutoka wizara yao ya ulinzi kwenda hifadhi ya taifa lao pale Kew, London. Askari Mwafrika aliyeandikishwa Machakos au Kakamega hakuwekwa humo. Aliandikwa huku, karatasi zake zikabaki huku. Utajaza fomu, utangoja miezi, na jibu litakuwa kwamba hayupo, kisha utakata tamaa na kusema baba hakuandikwa popote. Aliandikwa.

Baba yangu mimi alitoka Butere, alikuwa 11 KAR. Nilichojifunza katika kumtafuta ni hiki: jeshi liliwaandika baba zetu kama idadi, nyumbani ndiko walikoandikwa kama watu. Jina la askari mmoja mmoja utalipata kwa Disii (mkuu wa wilaya wa mkoloni), kwa chifu, kanisani, na pale mama au nyanya alipokwenda kupokea pesa. Kwenye karatasi za jeshi utapata kikosi kilikuwa wapi siku gani. Mtu anayetaka kumjua baba yake lazima ashike zote mbili na kuzilinganisha.

Sasa tuangalie ulichonacho.

Nyota hiyo, kwa rangi za utepe ulizotaja, ni Burma Star. Ilitolewa kwa waliokuwa kwenye mapigano ya Burma kati ya Desemba 11, 1941 na Septemba 2, 1945. Herufi za katikati ni za Mfalme George wa Sita. Usisumbuke kutafuta jina la baba mgongoni mwake, medali hizi za vita vya pili Uingereza ilizitoa bila kuchonga majina. Na nakusihi usiisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba, wala utepe usiufue. Kwa kawaida mwenye Burma Star alistahili pia War Medal, ambayo ni ya mviringo, rangi ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme na upande wa pili simba amesimama juu ya joka. Waulize ndugu zako wote. Nyumba nyingi medali hizo zilichezewa na watoto, moja ikaenda kwa shangazi, nyingine ikabaki.

Mnyama wa begani ni kifaru, waambie wajukuu. Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Na hapo ndipo muhuri wa Colombo unapokuwa dhahabu. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1943, ikafanya mazoezi huko hadi katikati ya 1944, ndipo ikavushwa kwenda India na kuingia Burma. Kwa hivyo picha hiyo ina uwezekano mkubwa ilipigwa kati ya 1943 na katikati ya 1944. Kijana aliyepigiwa pasi kaptura hapo hajaingia bado vitani. Iandike tarehe hiyo kwa penseli kwenye bahasha, si nyuma ya picha.

Baada ya hapo njia yao inajulikana. Walishuka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, wakati wa masika yenyewe, barabara ikiwa tope tupu, malaria na homa nyingine zikiwaangusha watu sawa na risasi. Mkuu wa divisheni alikuwa Meja Jenerali Fowkes. Waliuteka mji wa Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, mwanzoni mwa Desemba 1944, na mwezi huo huo likajengwa daraja la vyuma la kuelea lenye urefu wa futi 1,154. Wakati huo hapakuwa na daraja la aina hiyo refu kuliko hilo. Baba yako akitaja Chindwin alikuwa anataja hapo. Kama kweli alikuwa dereva, daraja hilo huenda alilipita na lori.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu, Mama. Beji ya kifaru ilivaliwa na kila mtu wa divisheni: askari wa miguu, wapiga mizinga, madereva, watu wa hospitali. Haisemi kikosi. Na nyumbani kila aliyevaa kaki aliitwa Keya, hata kama hakuwa KAR. Madereva wengi walikuwa wa East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi na ugavi. Batalioni za miguu nazo zilikuwa na madereva wachache. Ukikosea hapo utasoma karatasi za watu wengine mwaka mzima.

Fanya hivi: ipeleke ile picha kwa fundi aiskani kwa ubora wa juu kabisa, kisha muitazame beji ya kofia kwenye kompyuta. Beji ya KAR ni baragumu, na mara nyingi namba ya batalioni imo katikati ya baragumu. Ukiona umbo jingine, baba hakuwa batalioni ya miguu ya KAR. Na usidhani kwamba Mkenya lazima alikuwa batalioni ya Kenya. Ndani ya divisheni hiyo 11 KAR ilikuwa ya Kenya, lakini batalioni nyingi zilikuwa za Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na kikosi cha Rhodesia ya Kaskazini. Waruhiu Itote, ambaye baadaye nchi nzima ilimjua kama Jenerali China, alikuwa mtu wa Nyeri lakini alitumikia 36 KAR, ya Tanganyika.

Ukishajua kikosi, hapo ndipo London inakuwa na faida. Kila kikosi kiliandika shajara ya vita, siku baada ya siku: tulilala wapi, mvua, doria, waliokufa, waliojeruhiwa. Za Burma ziko Kew chini ya kundi la mafaili liitwalo WO 172. Zile za Abisinia na hapa Afrika Mashariki zaidi ziko WO 169, za Madagascar WO 174. Mtu akiwa na kadi ya msomaji, ambayo ni bure, anafungua faili na kulipiga picha kwa simu bila malipo. Mpwa wangu anayeishi Leicester alinifanyia hivyo.

Nakuandaa moyo kabla hujasoma. Shajara hizo ziliandikwa na maofisa, na maofisa ndio wanaotajwa kwa majina. Ofisa mmoja akikwaruzwa mkono, jina lipo. Askari wetu wakifa, utasoma idadi na herufi AOR, yaani askari Waafrika wasio maofisa, basi. Nilipofika ukurasa wa Septemba 1944, barabara imefungwa na tope, magari yanasukumwa kwa mabega, nilikaa nao muda mrefu. Baba aliwahi kutuonyesha jinsi alivyoegemeza bega kwenye bodi ya gari, mguu mmoja nyuma, na kusema kucha zake zote mbili kubwa zilitoka huko. Kwenye ukurasa hakuna jina lake. Lakini siku ni hiyo, kikosi ni hicho, na yeye alikuwepo. Kwangu mimi ule ni ukurasa wake.

NjokiWaKiharu

Nimesoma haya nikiwa kwa matatu na nimepitiliza steji.

Kwetu Murang'a karatasi za baba mdogo na za babu zote ziliteketea 1954, watu walipohamishwa kwa nguvu kuingizwa vijijini wakati wa Imajensi na nyumba za zamani zikachomwa. Kwa hivyo Mama, hiyo karatasi yako iliyoliwa na mchwa itunze kama mboni ya jicho.

Ndugu mkubwa wa babu hakurudi. Familia ilijua tu "alizama." Nilimpata kupitia tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile CWGC. Wana orodha mtandaoni, kutafuta ni bure, na inawahusu waliokufa kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947. Alikuwa mpiga mizinga, na alikuwa kwenye meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944 na ikazama kwa dakika chache sana. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao Waafrika wa Field Regiment ya 301 ya East African Artillery. Kwa vile umesema wewe ni muuguzi, ujue pia walikufa wanawake 77, wengi wao wauguzi.

Jina lake limeandikwa hapa hapa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki ulio ndani. Kuingia hulipi. Miaka yote hiyo babu alikuwa anakuja mjini kuuza avokado na hakuna aliyemwambia kwamba ndugu yake ameandikwa kwa herufi za kuchonga umbali wa safari moja ya matatu. Hilo linanichoma hadi leo.

Baba yako hayumo kwenye orodha hiyo kwa sababu alirudi salama. Lakini kama aliwahi kumtaja rafiki aliyefia huko, mtafute huyo rafiki. Orodha inaonyesha kikosi, na mara nyingi marafiki walikuwa kikosi kimoja.

Karani_wa_zamani

Mama, shikamoo. Mimi nilifanya kazi miaka mingi katikati ya mafaili, sasa nimestaafu. Mwalimu ameeleza vita. Niruhusu nieleze nyumbani, kwa sababu watu wengi hupita nje ya jengo lenyewe kila siku bila kujua.

Nenda Makavazi ya Kitaifa, pale Moi Avenue, jengo la benki ya zamani ambalo matatu zote huliita Archives. Usiishie ukumbi wa chini wenye sanaa za Murumbi. Sema umekuja chumba cha watafiti. Utajiandikisha kwa kitambulisho na ada ndogo, utaacha begi, utaingia na daftari.

Usiwaulize, "Mna faili la baba yangu?" Utajibiwa hapana na itakuwa kweli. Uliza mafaili ya Disii wa Machakos. Yameorodheshwa kwa DC/MKS. Omba orodha, pitia kila kichwa kinachotaja askari, jeshi, pesa za familia za askari au kuachishwa jeshi, miaka 1940 hadi 1948. Kisha omba ripoti za kila mwaka za wilaya, ambazo nyingi zimo kwenye mikrofilamu. Ripoti hazina jina la baba yako, lakini zitakuambia mwaka ambao vijana wa Machakos waliandikishwa kwa wingi na jinsi walivyopokewa 1946. Halafu kuna mafaili ya ulinzi yanayoanza na DEF. Hayo yaache mwisho.

Kwa nini Disii? Askari alipokuwa ng'ambo, sehemu ya mshahara wake ilitumwa nyumbani, na familia iliipokea kwa Disii. Mzozo wowote nao ulipita hapo hapo: ng'ombe wa mahari amechukuliwa na mjomba, shamba limelimwa na jirani, mama hajapata pesa miezi mitatu. Askari aliandika kutoka Ceylon au Burma, ofisa wake akatuma kwa Disii, Disii akamwandikia chifu, chifu akajibu. Katika barua moja kama hiyo una namba, jina, kikosi, chifu na kijiji, vyote pamoja. Nimeziona. Nyingine zinasikitisha kusoma, kijana yuko msituni anauliza kama mama yake amekula.

Kuhusu jina. Acha la ubatizo. Tafuta jina la Kikamba alilokuwa nalo akiwa kijana pamoja na jina la baba yake. Makarani waliandika walivyosikia, na karani hakuwa lazima Mkamba. Mutuku utamkuta Mutuko, Motuku, hata Mtuku. Kinachomtofautisha na wengine ni jina la baba yake na jina la chifu. Kwa hivyo kabla hujaja Moi Avenue, keti na dada yako mkubwa umuulize: chifu wa lokesheni yetu wakati wa vita alikuwa nani? Bila hilo utazama kwenye karatasi.

Mambo mengine kwa haraka. Kama mama alikuwa akipokea msaada wowote wa wajane wa askari wa zamani, pengine alijaza fomu kupitia chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, au tawi la wilaya la enzi hizo. Fomu ya mjane ina namba ya mume. Kipande cha baba, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, kikipatikana, angalia pengo la miaka kati ya mwajiri mmoja na mwingine, hilo pengo ndilo jeshi. Na hiyo ofisi iliyokurudisha, waandikie barua rasmi ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Barua haikatai kama mdomo unavyokataa kaunta.

Ukikutana na mtu anayedai pesa ili akupatie fidia ya Burma kutoka kwa Mwingereza, usimpe hata shilingi.

Mama_Donholm

Sijui niwashukuru vipi. Nimesoma majibu yenu na binti yangu mara kadhaa, tukiwa na picha ya baba mezani.

Tuliiskani jana. Kifaru ni kifaru kweli, hata pembe ndogo ya pili inaonekana. Beji ya kofia imeingia kivuli cha ukingo wa kofia. Binti yangu anaona duara. Mimi naona kitu kilichopinda ambacho kinaweza kuwa baragumu, lakini sitaki kuona ninachotaka kuona.

Nimempigia dada yangu simu. Nilipomuuliza chifu wa wakati wa vita alitaja jina papo hapo, na jina la mzee wa kijiji pia. Halafu akaniambia jambo ambalo hajawahi kulisema: nyanya, mama yake baba, alikuwa akitembea hadi Machakos kupokea pesa za baba, na mara moja alirudi mikono mitupu akilia, kwa sababu karani alimwambia jina la mwanawe halipo kwenye orodha. Mzee wa kijiji akaandikiwa, jambo likatengenezwa. Mwalimu, Karani, si hiyo ndiyo barua mnayosema?

Na Njoki mwanangu, kuhusu rafiki. Kaka yetu wa pili hakupewa jina la mtu yeyote wa ukoo. Tuliambiwa ni jina la "mtu wa baba." Dada anasema ni rafiki waliyeandikishwa pamoja, wa ng'ambo ya kilima, na hakurudi. Tulitafuta jina hilo kwenye orodha ya CWGC usiku. Wapo wawili wanaolingana kwa tahajia za kukaribiana, wote Wakenya, wote walikufa nusu ya pili ya 1944. Mmoja ni wa 11 KAR, mwingine wa Army Service Corps. Nilikaa nikiangalia hayo majina mawili hadi chai ikapoa. Mmoja wao huenda ndiye ambaye kaka yangu amebeba jina lake miaka yote hii. Nitajuaje ni yupi?

Mwalimu_Buru

Mama, nenda kwa familia ya rafiki. Ng'ambo ya kilima si mbali. Mtu aliyefia vitani ameacha ndugu, na ndugu wana watoto. Waulize jina la baba yake lilikuwa nani, kisha rudi kwenye orodha ya CWGC uangalie kama mmoja kati ya wale wawili ametajiwa wazazi na wilaya. Mara nyingine wameandika, "mwana wa fulani, wa Machakos." Kama hakuna, chukua tarehe za vifo vyote viwili. Wa 11 KAR utalinganisha na shajara ya 11 KAR siku hiyo. Mpwa wangu ataenda Kew tena mwezi ujao, nimeshamwambia apige picha za 11 KAR kuanzia Agosti hadi Desemba 1944 upya kwa ajili yako, na aangalie pia shajara za kampuni za uchukuzi zilizokuwa chini ya divisheni hiyo.

Wakiuliza kwa nini unataka kujua, waambie kaka yako anaitwa jina la ndugu yao. Huenda wao nao hawajui aliandikwa wapi.

Karani_wa_zamani

Ndiyo, Mama, hiyo ndiyo barua. Malalamiko ya pesa za familia ya askari, Machakos, na sasa una jina la chifu na la mzee wa kijiji. Muulize dada yako kama anakumbuka ilikuwa kabla au baada ya njaa, hiyo itatupunguzia miaka. Jumanne ijayo asubuhi nitakuwa Moi Avenue kwa shughuli zangu. Njoo na kitambulisho, daftari, na jina la baba yake baba limeandikwa kwa kila tahajia mnayoweza kufikiria. Picha na nyota viache nyumbani, leta nakala tu.

NjokiWaKiharu

Nami nitapita Ngong Road Jumamosi kumwona wa kwetu. Mama, nitumie ujumbe wa faragha na yale majina mawili, niangalie kama mmoja wao yuko kwenye mnara wa hapa. Wa Burma wasio na kaburi wengi wameandikwa Taukkyan, karibu na Rangoon, lakini kuangalia hakugharimu kitu.

Mama_Donholm

Nimekutumia, Njoki. Karani, Jumanne nitakuwa mlangoni mapema, nitavaa leso ya kijani. Dada yangu anasema ilikuwa kabla ya njaa.